Bahari ilipochafuka, njia ya mlimani ilitutoa

MSOMAJI mpenzi, kama umewahi kufika Malindi au Watamu, bila shaka umekutana na Waitaliano. Wapo wenye nyumba, wapo wenye hoteli, na vijana wetu wa ufuoni huwaamkia "ciao" hata kabla ya kusema "jambo". Tumewazoea kama majirani. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kujiuliza kwao kukoje? Mtu huacha pwani ya namna gani ndipo aje kuipenda pwani yetu?

Mimi nilipata jibu la swali hilo Oktoba moja, nilipokwenda kumtembelea dada yangu ambaye ameolewa kaskazini mwa Italia, katika jimbo la Liguria. Nilikwenda nikitarajia mchanga mweupe na minazi. Nilichokuta ni milima. Huko milima huja moja kwa moja mpaka baharini, ikasimama ghafla kama mtu aliyefika ukingoni akaogopa kuruka.

Mmoja wa milima hiyo haukusimama. Ulijitosa baharini ukafanya rasi. Huo ndio Mlima Portofino, wenye urefu wa mita 610. Upande wake wa magharibi kuna mji wa wavuvi uitwao Camogli. Upande wa mashariki kuna Portofino yenyewe, kijiji kidogo kinachojulikana duniani kote kwa matajiri na mashua zao za anasa. Katikati ya miji hiyo miwili, ndani ya ghuba ndogo iliyojificha miguuni pa mlima, kuna monasteri ya kale iitwayo San Fruttuoso.

Hebu sikiliza vizuri jambo hili, maana ndilo lililonitia taabuni: San Fruttuoso hakuna barabara ya gari. Unafika kwa boti, au unafika kwa miguu. Hakuna njia ya tatu.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Asubuhi ningetembea kutoka Camogli hadi San Fruttuoso pamoja na mpwa wangu, msichana wa miaka 11. Alasiri tungerudi kwa boti, mwendo wa kama nusu saa, tukiwa tumekaa vizuri na upepo ukitupuliza.

Mama mkwe wa dada yangu, ajuza aliyezaliwa na kuzeekea Camogli, alitutazama tukifunga mikoba. Nilimwamkia "shikamoo" kwa mazoea, naye akacheka. Kisha akatoka hadi roshani, akaitazama bahari iliyolala kimya kama maji ndani ya sinia, akasema maneno ambayo mpwa wangu alinitafsiria.

"Mjomba, Nonna anasema upepo utageuka. Anasema twende na boti asubuhi hii, turudi kwa miguu. Boti huja ikitaka, lakini miguu tunayo wenyewe."

Nonna ni bibi kwa Kiitaliano. Nilimshukuru kwa heshima zote, nikaendelea na mpango wangu.

MJI WA MADIRISHA YA UONGO

Ukifika Camogli, jambo la kwanza litakalokushangaza ni nyumba. Ni ndefu na nyembamba, za ghorofa sita na zaidi, zimesimama bega kwa bega mbele ya bahari, hii ya rangi ya chungwa, ile ya waridi, nyingine ya manjano. Zitazame tena kwa makini. Baadhi ya madirisha yale si madirisha. Yamechorwa tu ukutani kwa rangi, pamoja na vivuli vyake, na mgeni hawezi kutambua mpaka akaribie. Ni desturi ya pwani hiyo yote.

Wako wanaosema jina Camogli linatokana na maneno yenye maana ya "nyumba ya wake", kwa kuwa waume walikuwa baharini miezi na miezi. Katika karne ya 19 mji huu mdogo ulimiliki mamia ya meli za matanga. Nadhani wanawake wa Lamu wa enzi za majahazi wangelielewa jina hilo bila kuelezwa.

Kuna jambo jingine la Camogli ambalo msomaji wa pwani litamfurahisha. Tangu zamani wavuvi wa hapo hutega mtego mkubwa wa nyavu karibu na ncha ya rasi, kuanzia Aprili hadi Septemba. Sehemu kubwa ya nyavu hizo haisukwi kwa nailoni. Husukwa kwa mkono, kila mwaka upya, kwa kamba za makumbi ya nazi zitokazo mbali, nchi ya India. Zamani walizisuka kwa majani marefu yanayoota kwenye mlima huo huo. Nilipoelezwa hayo nilitabasamu peke yangu. Nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita ili nikakutane na makumbi!

NGAZI ZA SAN ROCCO

Safari yenyewe huanza kwa ngazi. Si ngazi kumi wala ishirini, ni mamia ya vipandio vya mawe vinavyopita kati ya nyumba, kisha kati ya bustani, kisha kati ya mizeituni. Baada ya nusu saa na kitu unatokea San Rocco, kitongoji kilichokaa zaidi ya mita 200 juu ya bahari. Mimi nilifika nikihema kama mvukuto. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kufika, anakunywa maji ya mfereji wa kijiji na kunicheka.

Njiani utaona kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo, zinazoshikilia matuta ya mizeituni yasiporomoke. Mtu wa Ukambani hahitaji kuelezwa matuta yana kazi gani. Huko Liguria karibu kila shamba la mlimani limesimama kwa kuta kama hizo, na ufundi wa kuzijenga uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa urithi wa binadamu, Italia ikiwa miongoni mwa nchi nane zilizoombea. Ukuta usipotunzwa, mvua moja kubwa inatosha kuuangusha, na ukianguka huondoka na njia.

San Rocco pia ni kijiji cha mbwa. Usicheke, msomaji. Kila tarehe 16 Agosti, siku ya mtakatifu mwenye jina la kijiji, hutolewa tuzo kwa mbwa walioonyesha uaminifu wa ajabu kwa binadamu. Mambo hayo yalianza mwaka 1962. Mtakatifu Rocco mwenyewe huchorwa akiwa na mbwa kando yake, kwa kuwa yasemekana mbwa ndiye aliyemletea mkate alipokuwa mgonjwa na watu wote wamemkimbia.

NJIA MBILI

Kutoka San Rocco kuna njia mbili za kwenda San Fruttuoso. Ya chini hupita kwenye majabali juu ya bahari, na mahali kadhaa minyororo ya chuma imepigiliwa mwambani ili mtu ajishikilie asitumbukie. Hiyo ni ya watu wenye uzoefu na miguu thabiti. Ya juu hupita msituni, nayo ni salama zaidi. Nikiwa na mtoto wa watu, nilichagua ya juu.

Lakini kabla ya hapo tulikwenda kwanza hadi mahali paitwapo Batterie, mwendo wa chini ya saa nzima kwa njia ya chini, kabla minyororo haijaanza. Huko kuna mahandaki ya zege ya vita vya pili vya dunia, yaliyojengwa kwa mizinga ya kulinda njia ya bahari ya kwenda Genova. Waitaliano waliyajenga, na baada ya Septemba 1943 Wajerumani wakayachukua. Leo misonobari imeota juu yake, na mijusi hujianika pale palipokuwa na mizinga.

Nilimweleza mpwa wangu kwamba katika vita hivyo hivyo, Waitaliano wengine walikuwa kwetu Kenya, wakiwa wafungwa wa Waingereza. Wao ndio waliojenga, mwaka 1942, lile kanisa dogo sana unaloliona kando ya barabara ukiteremka bonde la ufa kuelekea Mai Mahiu. Alinitazama kwa mshangao. "Mjomba, kwa hivyo babu zangu wa huku walijenga kanisa kwa babu zangu wa kule?" Sikuwa na jibu bora kuliko lake.

Tulikaa Batterie tukila mkate bapa wa mafuta ya zeituni, ambao wenyewe huuita focaccia. Tulikaa mno. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. La kwanza unalijua.

NDANI YA MSITU

Tulirudi San Rocco, tukashika njia ya juu. Hapa, msomaji, ndipo nilipouelewa mlima huu. Upande unaoelekea bahari ya kusini ni mkavu na wa joto. Kuna misonobari, mialoni isiyopukutisha majani mwaka mzima, mihadasi, na rozmari inayonukia ukiigusa kwa nguo tu. Ukivuka kwenda upande wa kaskazini, hewa inapoa mara moja, kivuli kinakuwa kizito, na unatembea chini ya miti mirefu iitwayo castagno, ambayo kokwa zake huanguka wakati wa Oktoba zikiwa ndani ya maganda yenye miiba. Watu huziokota na kuzichoma kama tunavyochoma mahindi. Ni kama mtu avuke kutoka Voi hadi Limuru kwa hatua ishirini.

Kuna kichaka kimoja ambacho mpwa wangu alinionyesha kwa fahari. Mwezi huo huo mmoja kina majani mabichi, maua meupe na matunda mekundu ya duara yafananayo na stroberi. Kijani, nyeupe na nyekundu: bendera ya Italia imeota yenyewe msituni. Matunda yake huliwa, ingawa ukila mengi tumbo litakusimulia habari zake.

Mawe ya mlima huu nayo ni ya ajabu. Si mwamba mmoja bali ni kokoto nyingi za mviringo zilizogandamana, kubwa kwa ndogo. Yanafanana kabisa na kashata za njugu. Mahali pa juu ambapo njia nyingi hukutana, kama mita 465 juu ya bahari, majabali hayo yamebanana hata njia ikapita katikati yake, na ndiyo maana mahali hapo huitwa Pietre Strette, yaani mawe yaliyobanana.

Usidhani kwamba msitu huu umebaki kwa bahati. Mlima uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria tangu mwaka 1935, wakati ambapo wenye fedha walikuwa tayari wanaumezea mate. Mwaka 1999 hata bahari inayouzunguka ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Hivyo ndivyo ilivyowezekana, saa moja tu kwa treni kutoka bandari kubwa ya Genova, mtu akatembea nusu siku asisikie honi ya gari.

WATAWA, MAHARAMIA NA MWANAMKE JASIRI

Kutoka Pietre Strette njia inateremka kwa nguvu hadi baharini. Magoti yangu yalilalamika kila hatua. Kisha miti inafunguka na unaiona San Fruttuoso: jengo la mawe lenye matao mbele, kuba ndogo nyuma, na kijifuo cha kokoto kisichozidi uwanja wa mpira wa shule.

Watawa waliishi hapo tangu karne ya 10. Baadaye ukoo wenye nguvu wa Doria, mabwana wa bahari wa Genova, uliwasaidia na kuzikia wafu wake humo, na makaburi yao ya karne ya 13 na ya 14, ya mawe meupe na ya kijivu kwa milia, yako bado. Mwaka 1562 ulijengwa mnara wa kulinda ghuba dhidi ya maharamia. Mwaka 1915 mvua kubwa iliporomosha mlima, sehemu ya kanisa ikaangushwa, na udongo ulioshuka ndio uliofanya kile kijifuo. Zamani maji yalifika hadi chini ya matao. Tangu 1983 mahali hapo pamo mikononi mwa shirika la Kiitaliano la kuhifadhi mambo ya kale, FAI, ambalo lilipakarabati.

Lakini kaburi lililonigusa zaidi si la bwana yeyote. Tarehe 24 Aprili 1855, meli ya Kiingereza iitwayo Croesus, iliyobeba askari waliokuwa wakienda vita vya Crimea, iliwaka moto karibu na pwani hiyo. Nahodha aliielekeza ghubani. Ndugu wawili wa kike wa hapo kijijini, Maria na Caterina Avegno, walitoka na kidau chao kwenda kuwaokoa watu. Askari waliojaa hofu waliking'ang'ania kidau kikapinduka. Maria alizama akafa. Watu wa huko walimzika mle mle kanisani, pamoja na wakuu wa Doria. Mke wa mvuvi analala na mabwana wa bahari!

Na ndani ya ghuba, mita kama 17 chini ya maji, imesimama sanamu ya shaba ya Kristo akiinua mikono juu. Iliwekwa mwezi wa Agosti 1954 kwa kumbukumbu ya wote waliokufa baharini. Shaba yake ilipatikana kwa kuyeyusha kengele, medali za wanariadha na mabaharia, na panga za mashine za meli. Hatukuiona, maana ni wapiga mbizi tu waionao vizuri. Lakini tuliyatazama maji yale tukanyamaza.

Ndipo nilipogundua kwamba maji yale yalikuwa yameanza kucheza.

BOTI ILIYOGEUKA

Ilikuwa saa kumi kasoro robo alasiri. Upepo ulikuwa umegeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi, na ghuba ya San Fruttuoso iko wazi upande huo. Mawimbi yalikuwa yakiingia moja baada ya jingine na kuvuta kokoto kwa kishindo. Tulijipanga gatini na watu wengine kama arobaini, tiketi mkononi.

Boti ilitokea. Ilikaribia, ikainuka, ikashuka, ikajaribu kugeuza ubavu. Mara mbili mabaharia walirusha kamba na mara mbili ikabidi waiachie. Kisha boti ikageuza pua ikaenda zake. Mtu wa gati alitutazama akatikisa kichwa. Leo hakuna tena.

Wageni wengine walianza kupiga kelele wakidai fedha zao. Lakini utaidai nini bahari? Mpwa wangu alinishika mkono. "Mjomba, tutalala hapa?"

Msomaji, sijawahi kujisikia mdogo kama nilivyojisikia wakati ule. Viatu vyangu vilikuwa vya ngozi, soli laini, viatu vya kuendea kanisani. Tochi sikuwa nayo. Simu ilikuwa imebakiza nguvu kidogo. Na nilikuwa na mtoto niliyekabidhiwa na mamake kwa mikono miwili. Nilimkumbuka Nonna juu ya roshani yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilikuwa linakaribia.

Mama mmoja aliyekuwa akifunga mkahawa wake alitujia bila kuitwa. Alimwambia mpwa wangu kwamba tusirudi Camogli kwa njia tuliyojia, kwa kuwa kile kilima cha Pietre Strette kingetumaliza na giza lingetukuta msituni. Twende Portofino, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, na tuondoke sasa hivi. Alitunyoshea kidole nyuma ya mnara. "Njia ipo," alisema.

Njia ilikuwepo. Inaanza kwa mpando mkali usio na huruma, unaokutoa kwenye mawimbi na kukupeleka zaidi ya mita 200 juu kwa vipandio na mizizi. Mbele yetu walitangulia mzee mmoja na mkewe, kila mmoja na fimbo zake mbili. Hatukujuana, wala hatukuwa na lugha moja, lakini kila kona tuliwakuta wamesimama wakijifanya wanatazama mandhari mpaka tuwafikie. Ndipo wanaendelea.

Mahali pamoja njia ilikatisha genge lenye maji yanayotiririka juu ya mawe. Nilikanyaga, soli ikateleza, nikaanguka kwa goti na kiganja. Chini yangu, mbali, niliyaona mawimbi meupe. Mpwa wangu, ambaye viatu vyake vilikuwa na meno, aliniwahi akanikamata mkoba. Tangu hapo alinitangulia yeye. Alikuwa akitafuta alama nyekundu zilizopakwa kwenye mawe na mashina ya miti, na kila aipatapo alisema kwa sauti, "Iko!" Sauti hiyo ndiyo iliyonifikisha.

Kisha mlima ukalegea. Njia ikawa tambarare, tukapita kati ya misonobari huku bahari ikinguruma chini, halafu tukaingia kwenye mashamba. Ndiyo, mashamba! Kuna vitongoji huko juu vyenye nyumba chache, mizeituni, mboga na kuku. Tulimpita mzee akitoka shambani na kikapu cha mboga mkononi, akatusalimu kama vile kukutana na Mwafrika mwenye viatu vya kanisani jioni ile lilikuwa jambo la kila siku. Tulifika Portofino saa kumi na mbili na nusu, taa zikiwashwa.

BARABARA ILIPOLIWA NA MAJI

Kuhusu Portofino yenyewe sitasema mengi. Ni nzuri. Warumi waliiita bandari ya pomboo. Kahawa yake ni ya bei ya chakula cha mtu mzima kwingineko, na watu hujazana kupiga picha hata mwaka 2023 meya akapiga marufuku kusimama na kuzubaa katika baadhi ya sehemu, aliyekaidi akitozwa faini.

Lakini kuna habari moja ya Portofino ambayo dada yangu alinisimulia usiku ule. Tarehe 29 Oktoba 2018, dhoruba kubwa iliipiga pwani hiyo na mawimbi yakaila barabara ya pekee ya kuingia kijijini. Kijiji cha matajiri kikakatika na dunia. Magari ya fahari yakabaki kama makopo. Barabara haikufunguliwa tena mpaka Aprili 2019. Je, watu waliishije miezi hiyo? Bahari ilipotulia walitumia boti. Na kila siku, watoto wa shule, wafanyakazi na wazee walipita njia ya miguu ya msituni, ile ile iliyokuwepo kabla ya barabara.

Nilipoisikia habari hiyo nilielewa alichokuwa akisema Nonna. Sisi hudhani njia ya miguu ni ya wasio na nauli, na kwamba barabara ikishafika njia hiyo imekufa. Huko wanajua vingine. Wamelima kando yake, wamejenga kuta zake, wanapaka upya alama zake, kwa sababu wanajua siku itafika ambayo boti haitakuja na barabara haitakuwepo.

Kutoka Portofino tulipanda basi hadi Santa Margherita, kisha treni. Treni hupita ndani ya tumbo la mlima, gizani, na baada ya dakika kama tano ikatutema Camogli. Siku nzima ya jasho letu, dakika tano! Mpwa wangu alicheka mpaka abiria wakageuka.

Nonna alikuwa mezani akitungoja. Alikuwa amechoma farinata, chapati nene ya unga wa dengu na mafuta ya zeituni, unga ule ule wa bajia zetu. Hakuniuliza lolote. Alikitazama kiganja changu, akavitazama viatu, akanikatia kipande kikubwa.

UKIJALIWA KWENDA

Kwa msomaji mwenye ndugu Italia au mwanafunzi atakayepata nafasi ya kusoma huko, haya ndiyo niliyojifunza kwa goti langu. Nenda Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali na watu ni wengi. Vaa viatu vyenye soli ya kushika. Jaza maji San Rocco, usitegemee kuyapata msituni. Beba tochi hata kama unatoka asubuhi. Njia ya minyororo usimpeleke mtoto. Na ikiwa utatumia boti, itumie kwenda, halafu urudi kwa miguu. Ukishafika mapema, hata bahari ikifunga bado una mchana mzima mkononi. Zaidi ya yote, muulize mwenyeji juu ya upepo, kisha umsikilize.

Na kama nauli ya Ulaya haipo, usisononeke. Jumapili ijayo wachukue watoto muende Karura, au Ngong, au wenyeji wa pwani muende Shimba. Waombe wazee wawaonyeshe njia walizopita kwenda shule, kisimani, sokoni. Nyingine zimezibwa kwa ua, nyingine zimeota majani. Zipiteni kabla hazijasahaulika.

Mimi nimeanza. Mpwa wangu atakuja Desemba, na nimekwisha kununua viatu.